Kiti Kimoja Akademi ya Pinder

Pinder, Mississippi
14 Juni 1993

Mama Ozella mpendwa,

Tunakusalimu sisi wawili, na Delphine anasema salamu zake zihesabiwe mbali na zangu. Ningepiga simu, lakini mara ya mwisho ulipaza sauti mpaka mbwa wa jirani yako akaitikia, na ukaniambia simu ni za watu wenye masikio. Basi naandika.

Nyumba tumepata, ndogo, ina kibaraza. Kliniki wananipenda kwa sababu daktari aliyenitangulia alikimbia. Kila Jumapili tukitoka kanisani tunapita kaburini kwa Alonzo. Delphine humsimulia habari zake zote kana kwamba baba yake yuko chumba cha pili. Najua hukutaka nije kuishi katika mji ulioukimbia mwenyewe. Lakini mwanao alitaka azikwe kwenu, na mimi siwezi kumwacha huku peke yake. Hata miaka miwili haijatimia.

Kinachoninyima usingizi ni shule. Tangu tufike amesoma shule ya serikali, na wote pale ni weusi, hakuna Mzungu hata mmoja. Mwalimu mkuu, Bi. Gaines, ni mtu wa kweli. Aliniambia, "Daktari, mtoto wako nitampenda kama wangu. Lakini tangu Oktoba sina mwalimu wa hesabu, na paa la darasa lake linavuja. Sitaki kukudanganya." Delphine akimaliza kazi kabla ya wenzake anapewa karatasi apake rangi. Mtoto anayefanya hesabu za wakubwa, Mama, anapaka bata rangi! Wenzake wanamwuliza, "Kwani wewe ni nani hasa?" Shule ya masista ilifungwa wakati wa Pasaka, masista wamezeeka. Shule ya Jackson inayochanganya watoto ni mwendo wa saa mbili kwa gari.

Imebaki moja. Inaitwa Akademi ya Pinder. Matofali mekundu, miti mikubwa, na getini kuna maandishi ya shaba: Ilianzishwa 1970. Nilipiga simu, mkuu wa shule, Bwana Rutledge Simms, akaniita siku hiyo hiyo. Ana maneno matamu kama sharubati. Wana maabara, wana maktaba. Wiki ijayo nitampeleka Delphine.

Mkweo,
Maren


Detroit
22 Juni 1993

Mwanangu Maren,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikiwa nimesimama na ya pili nimeketi.

Nianze na jema, nililelewa vizuri. Asante kwa kumtembelea mwanangu. Mwambie mama yake anamsalimu.

Sasa, huo mwaka wa getini uliusoma? Uliusoma, umeniandikia mwenyewe, tena na shaba yake. Mtu mweusi wa Pinder akipita pale husoma mwaka kwanza na jina baadaye. Wewe umetoka Minnesota kwenye theluji na samaki wa chumvi, hukufundishwa. Nitakufundisha. Mahakama kuu ilisema watoto wote wa Mississippi wasome pamoja, basi, hakuna tena kesho na keshokutwa. Shule zilipofunguliwa Januari ya 1970, watoto wa Kizungu wa Pinder hawakurudi. Walikwenda kusomea ghorofani kanisani kwao, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa na matofali mekundu. Ile shule haikujengwa ili mtoto fulani asome. Ilijengwa ili mtoto fulani asiingie. Dada yangu Birdie, aliyebaki huko, aliona lori lao likibeba madawati kutoka shule ya serikali, na paa linalovuja unalolilalamikia lilianza kuvuja mwaka huo.

Nilifundisha darasa la nne hapa Detroit mpaka nywele zikawa nyeupe, kwa hiyo usidhani nachezea elimu. Najua mtoto mwenye akili akikaa bure anaoza. Lakini mtafutie shule ambako atakuwa wa kwanza na bado awe wetu. Sitaki mtoto ajue hesabu zote za dunia halafu ashindwe kunitazama usoni. Kama haipo, muache kwa Bi. Gaines na jioni umfundishe mwenyewe. Au niletee mimi.

Wewe ni Mzungu na nakupenda. Ndiyo maana nakuambia bila kuzungukazunguka.

Mama yako,
Ozella Tolliver


Pinder
9 Julai 1993

Mama Ozella mpendwa,

Usinikasirikie kabla hujafika mwisho.

Tulikwenda. Nisikufiche, karani wa mapokezi alimtazama Delphine, akanitazama mimi, akamtazama tena. "Na huyu ni...?" Nikamwambia, "Ni mwanangu, na mimi ni mama yake, tunaanzia hapo?" Delphine alicheka. Bwana Simms alipotutia machoni alisema samahani kidogo, akafunga mlango wa ofisi yake, tukakaa tukisikia anaongea na simu. Nilishamshika mtoto mkono tuondoke.

Akatoka akicheka meno yote nje. Akasema, "Daktari Tolliver, hujui tumemsubiri mtoto kama huyu kwa muda gani." Mama, nilitokwa na machozi pale pale mbele yake. Walimpa mtihani, akawashinda watoto wao wote wa rika lake. Hatutalipa ada hata senti. Bwana Simms amesema bodi nzima imefurahi.

Najua ulichoniandikia ni kweli. Lakini 1970 ni zamani, na waliofunga mlango ule wengine wameshakufa. Watu hubadilika. Alonzo alikuwa akisema hivyo.

Nifurahie kidogo, tafadhali.

Maren


Detroit
17 Julai 1993

Maren,

Alonzo alikuwa akisema mengi, na mimi ndiye niliyemfuta pua.

Huyo bwana amekuvika kilemba cha ukoka, nawe umekipokea kwa machozi. Mtu aliyekusubiri siku nyingi hafungi mlango kwanza apige simu. Lakini mtoto ni wako, uchungu wa kumzaa uliusikia wewe. Nimesema langu, nimenyamaza. Namtumia Delphine mafuta ya nywele na vitana vipana, maana najua huko dukani utauziwa vitu vya kukaangia.

Mwambie aniandikie mwenyewe, usimwangalie begani.

Ozella


Pinder
10 Oktoba 1993

Kwa Bibi,

Hujambo? Mimi sijambo sana. Mama amesema hatasoma hii barua, nami naamini kwa sababu yuko jikoni anaunguza kitu.

Shule yangu ni nzuri. Tuna hadubini, kila mtu na yake! Niliona damu yangu mwenyewe. Mwalimu wa hesabu ananipa kitabu cha darasa la nane na hasemi kitu, ananipa tu. Nampenda huyo. Napigwa picha mara nyingi. Mpiga picha akija wananiita hata kama tuko katikati ya mtihani, na mara moja waliniingiza kwenye timu ya mpira nisiyoichezea, wakaniweka mbele na mpira, halafu walipomaliza wakauchukua mpira.

Nina rafiki, anaitwa Marlee. Anapenda kushika nywele zangu. Wengine pia walitaka, wakasukumana, nikawaambia wapange foleni kama dukani. Mwalimu akacheka. Nilicheka pia. Kwa kina Marlee sijafika kwa sababu mama yake huumwa kichwa siku ambazo ningekwenda.

Siku yangu ya kuzaliwa alikuja Bibi Birdie. Darasa zima niliwapa kadi lakini watu wengi walikuwa na shughuli. Keki ilibaki tele, tuliila wiki nzima, kwa hiyo nilifaidi mimi. Usimwambie Mama kuwa nilikuwa nachungulia dirishani, yeye anadhani nilikuwa nasoma.

Bibi, kanisani watoto wananiita Akademi. "Haya, Akademi kaja, mpisheni apite." Nawaambia jina langu wanalijua. Bibi Birdie aliwafokea, wakaacha, halafu wakawa hawaniiti kitu chochote.

Mafuta yananukia vizuri.

Mjukuu wako,
Delphine Tolliver


Pinder
20 Februari 1994

Mama Ozella,

Ulisema kweli. Naandika hivyo mwanzoni ili nisipate nafasi ya kulizunguka.

Unamkumbuka Loretha Bibbs, nesi ninayefanya naye kazi? Ndiye aliyenipokea hapa, ananiletea kambare wa kukaanga, ananifundisha nani ni ndugu ya nani. Ana mtoto wa kiume, Quinton, umri wa Delphine, kijana anavunja redio na kuziunganisha tena. Nilimshikilia Loretha tangu Krismasi: mpeleke Akademi, mlango umefunguka, mtazame Delphine. Yeye akawa anasema, "Daktari, kuna milango inafunguka kwa upepo tu." Sikusikia. Nilimsukuma mpaka akakubali. Alichukua ruhusa kazini, akamvalisha Quinton tai.

Wakaambiwa nafasi zimejaa. Hata mtihani hakupewa. Wiki hiyo hiyo familia ya Kizungu iliyohamia kutoka Texas ilipata nafasi kwa watoto wote watatu.

Nilikwenda kwa Bwana Simms nikiwa na koti la kliniki bado mwilini. Hakuona hata aibu, Mama, hilo ndilo linaloniumiza. Alinivutia kiti. Akasema, "Daktari, naomba unielewe. Serikali inatusamehe kodi mradi tuonyeshe kwamba hatumbagui mtu. Tulipata barua kali mwaka juzi. Sasa tuna Delphine." Nikamwuliza, "Kwa hiyo?" Akasema, "Kwa hiyo tunaye." Kisha akaniambia mtoto wangu ni fahari ya shule.

Kiti kilikuwa kimoja. Nilimkalisha mwanangu juu yake, halafu nikaenda kuwaita watoto wa wenzangu waje wakae.

Loretha haongei nami ila habari za wagonjwa. Simlaumu. Quinton alimwuliza Delphine kanisani, mbele ya watu, "Wewe wamekutaka kwa nini?" Jumapili iliyofuata Delphine aliomba tusiende kanisani.

Nimwondoe? Nimpeleke wapi? Kwa Bi. Gaines, baada ya haya, watamla mzima. Jackson wamenijibu kwamba basi lao halifiki huku, na mimi siwezi kuacha kliniki kila siku nimpeleke na kumrudisha. Niambie la kufanya. Safari hii nitasikia.

Maren


Detroit
20 Machi 1994

Mwanangu,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka kwanza nicheke, nikashindwa, halafu nikataka nipate jibu, nikashindwa pia.

Nilikuambia uniletee mimi. Nilikwenda kuitazama shule niliyofundisha. Madirisha ya darasa langu yamezibwa kwa mbao. Watoto wa mtaa huu wanapandishwa basi hadi shule ambayo mlangoni wanapekuliwa kama wezi. Basi nikaipigia simu shule ya kulipia kule ng'ambo ya mpaka wa jiji, kwenye majumba ya ziwani. Sikusikia vizuri, lakini niliposema mtaa ninaokaa nilisikia vizuri sana mtu akivuta pumzi. Wakanitumia kijitabu. Jalada zima ni mtoto mmoja mweusi ameshika violini. Nilimtazama nikasema, pole mwanangu, nawe ndiye Delphine wao.

Nimefundisha maisha yangu yote na sina mahali pa kumweka mjukuu wangu. Nakuandikia hilo kwa hasira.

Usimsujudie Loretha, wala usimnunulie kitu. Mwambie, "Nilikosa," halafu unyamaze. Akitaka atakuja.

Sasa sikiliza. Jana imefika kadi kutoka kwa hao hao wa Akademi, maandishi ya dhahabu. Ijumaa ya mwisho ya Aprili ni Siku ya Mabibi na Mababu. Mabibi wanaalikwa kula chakula cha mchana na wajukuu wao. Nadhani jina langu lilitoka kwenye anwani ulizowapa, na hakuna aliyefikiri bibi huyo ana rangi gani. Maren, nitakuja. Tiketi ya basi nimeshakata. Mississippi niliapa sitakanyaga tena, nikaja mara moja kumzika mwanangu. Sasa nitakuja kula nao. Nimetoa kofia yangu ya zambarau, ile pana, ambayo mchungaji huiombea isimzibie madhabahu. Sikai meza ya nyuma. Huyo mtoto anakaa peke yake pale kila siku ya Mungu, basi siku moja aonekane ametoka kwa mtu.

Shule hatuna. Bibi anaye.

Mama yako,
Ozella


Pinder
2 Aprili 1994

Mama,

Njoo! Njoo na kofia! Chumba chako nimeshakipaka rangi. Baba yangu Arvid naye anakuja kutoka Minnesota siku hizo, mtakuwa wawili mezani, yeye hasikii sikio la kushoto na wewe la kulia, mtapigiana kelele mpaka Akademi ihame.

Nilimwambia Loretha kama ulivyosema. Alinitazama, akasema, "Sawa, Daktari," akaendelea kupima presha. Lakini jana alibakisha kahawa kwenye birika. Labda ni yangu.

Kuhusu Delphine. Nilishaamua nimtoe, liwalo na liwe. Nilipomwambia alipiga magoti jikoni, Mama. "Usinitoe. Mama, tafadhali usinitoe. Nimeshawazoea. Nikitoka nitakwenda wapi?" Sikumjua. Sauti yake ni ya pale sasa, hata anavyocheka. Anajifunga nywele kwa nguvu mpaka nyusi zinapanda. Nikamwacha amalize mwaka.

Nilipomwambia unakuja kwa Siku ya Mabibi alinyamaza, akainuka kuosha vyombo bila kuambiwa. Nadhani ni furaha, anapokuwa na furaha nyingi huwa hasemi. Baba yake alikuwa hivyo.

Tunakusubiri.

Maren


Pinder
9 Aprili 1994

Kwa Bibi mpendwa sana,

Hujambo? Mimi sijambo sana.

Nina habari mbaya. Siku ya Mabibi na Mababu imefutwa. Mvua ilinyesha kubwa ukumbi ukajaa maji, na viti vimeharibika, na Bwana Simms ana homa ya mapafu. Kwa hiyo usije, utachoka bure kwenye basi na magoti yako. Wamesema labda mwaka mwingine.

Usimwulize Mama, atasikitika, bado hajui. Babu Arvid bado anakuja lakini yeye anakuja kuvua samaki tu.

Nimekuwa wa kwanza tena kwenye hesabu. Marlee anasema mimi si kama wale wengine. Anasema nikinyoosha nywele naweza kuwa Mhispania, na wasichana wote wamesema ni kweli. Marlee huwa ananiuliza upande wa baba yangu walitoka wapi, nami namwambia mbali.

Tafadhali usikasirike kuhusu mvua.

Delphine


Detroit
16 Aprili 1994

Maren,

Nimekwenda kwa daktari wangu, amesema magoti haya hayawezi kukaa kwenye basi mchana kutwa na usiku. Sitakuja. Mpe baba yako salamu, na mwambie Delphine nimesikitika.

Usinipigie simu, sitasikia.

Ozella


Detroit
16 Aprili 1994

Delphine wangu,

Barua yako imefika, na mwandiko wako umekuwa mzuri. Nimemwandikia mama yako kwamba magoti yamenikatalia safari. Hilo limekwisha, nyumbani hakuna atakayekuuliza.

Nimefundisha watoto wa umri wako miaka mingi na nimedanganywa na mabingwa. Kwa hiyo nakusahihisha kama mwalimu. Uongo wa mafuriko haufai. Ukumbi uko pale pale, mtu akipita ataona ni mkavu. Halafu kuwapa watu mvua na viti na mapafu kwa pamoja ni kuwapa sababu tatu za kushuku. Na babu yako hukupaswa kumtaja kabisa.

Imeniuma, mjukuu wangu. Sitakuficha, maana mimi na wewe hatujawahi kufichana. Nimekaa kitandani nikalia mpaka mpangaji wa chini akapanda kuuliza kuna nini. Kwanza nilikasirika, nikataka nije hivyo hivyo, niingie na kofia yangu, nikuite jina lako kwa sauti mbele yao wote. Ningeweza. Unanijua.

Halafu nikafikiri. Mimi ningekaa saa moja, nile kuku wao, nipande basi. Wewe ungebaki. Asubuhi ya Jumatatu ungeingia mle peke yako, na mimi ningekuwa Detroit nikiwasimulia watu nilivyowakomesha. Mama yako anakupenda lakini hajui kunavyokaliwa mle ndani, na baba yako yuko chini ya ardhi. Unayejua ni wewe. Kama njia uliyoipata ya kuvuta pumzi pale ni mimi nisiwepo, basi nisiwepo.

Wakikuuliza, sema bibi mzaa baba amefariki. Usiongeze neno. Watu hawamhoji mtoto aliyefiwa, na wafu hawapandi basi wakaja kukuumbua.

Nitaendelea kukuandikia. Wafu wa ukoo wetu wana maneno mengi.

Nakupenda, na hilo haliulizi unasema nini huko.

Bibi yako


Pinder
1 Mei 1994

Mama Ozella,

Sijui namna ya kumwandikia mtu ambaye tangu juzi napewa pole kwa kifo chake.

Ijumaa baba yangu alikwenda na Delphine. Mezani mama yake Marlee akamwuliza kwa upole, "Na bibi wa upande wa baba?" Delphine akasema, "Amefariki." Halafu akalia. Baba anasema hajawahi kuona mtoto akilia vile. Alishindwa kukaa kitini, akashika meza, wazee wote wakasimama. Mama yake Marlee alimpakata mapajani kama mtoto mchanga. Baba yangu naye akaamini, alinipigia simu kliniki huku sauti ikimkatika, na mimi nikamwacha mgonjwa mezani nikatoka nje. Nilikaa chini kwenye maegesho mpaka Loretha alipokuja kuninyanyua. Nilijua si kweli pale tu nilipofika nyumbani nikamtazama mtoto machoni.

Nikamwuliza, "Nani kakufundisha hivi?" Akasema, "Bibi." Nikamwambia asikusingizie. Akasema, "Alisema watu hawamhoji mtoto aliyefiwa. Na kweli, Mama, hawakuhoji." Nikamwuliza, kama ni uongo, yale machozi yalitoka wapi? Akasema, "Nilikuwa namlilia kweli."

Jumamosi asubuhi magari yakaanza kusimama. Huku mtu akifiwa watu huleta chakula, wewe unajua kuliko mimi. Nimekaa mji huu zaidi ya mwaka na hakuna mzazi wa Akademi aliyekanyaga kibaraza changu. Walikuja wote, Mama. Bakuli za kuku na wali wenye jibini, mayai ya kujaza, mikate ya mahindi, keki tatu. Bwana Simms alileta paja la nguruwe la kuoka, amelibeba mwenyewe mikononi. Walikaa sebuleni kwangu wakasema maneno mazuri. Hakuna aliyeuliza jina lako. Mama yake Marlee alinikumbatia mlangoni akaniambia, "Najua alikuwa mwanamke mwema."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa na nafasi nyingi. Mama huyo aliniuliza mazishi ni lini, kikombe cha chai mkononi, na kusema kweli anasikitika, naapa anasikitika. Delphine alikuwa amesimama ukutani ananitazama. Nikasema, "Tayari. Yalikuwa Detroit, ya familia tu." Nilisikia sauti yangu ikisema hivyo. Kisha nikapokea bakuli nikasema asante.

Jioni yake Birdie alikuja mbio kwa nguo za kanisani, ameisikia dukani, analia njia nzima. Nilimshika nikamwambia yu hai, yu hai, ni uongo wetu. Alikaa. Alitazama meza yote ile ya vyakula. "Hivi vyote vya Ozella?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Dada yangu alipika kwenye majiko ya watu hawa tangu ana miaka kumi na miwili, na hakuna aliyewahi kumbakishia bawa la kuku." Nilimwomba ale. Alifunika kila bakuli kwa kitambaa, akaenda zake bila kuaga.

Bwana Simms amesema kiti cha Delphine cha mwaka ujao kipo, nisiwe na wasiwasi wakati huu mgumu. Jackson hawajabadili neno. Kwa Bi. Gaines sina uso wa kwenda. Bwana Simms sijamkatalia.

Niandikie, hata kama ni kunitukana. Naogopa sana usiponiandikia.

Delphine alikula sahani mbili, hajala hivyo tangu tufike Mississippi. Mama yake Marlee amemwalika akalale kwao Ijumaa ili asiwaze sana. Nimemruhusu.

Mkweo,
Maren